KUJILINDA KWA SILAHA NA YANAYOFUATA BAADA YA RISASI
Ufafanuzi kwa Watumishi na Wakazi wa Tunduma na Mkoa wa Songwe

Watumishi wa Serikali waliopangiwa kazi Mkoa wa Songwe, wafanyabiashara na wakazi wote wa mji wa Tunduma wanafahamishwa kwamba sheria ya nchi inamruhusu mtu kujilinda, hata kwa silaha ya moto, pale uhai wake unapokuwa hatarini. Hata hivyo, sheria hiyo hiyo haimwachii awe hakimu wa kitendo chake mwenyewe. Kati ya risasi iliyofyatuliwa usiku na siku atakayorudi nyumbani akiwa huru kuna kituo cha polisi, hospitali, ofisi ya Mkurugenzi wa Mashtaka na, mara nyingi, mahakama. Watu wengi huijua haki ya kujilinda lakini hawaijui njia hiyo, na wapo wanaoharibu utetezi wao kwa mambo wanayoyafanya katika saa za mwanzo.

Hali ya mji

Tunduma ndilo lango kuu la Tanzania kuingia Zambia, na ng'ambo ya mpaka upo mji wa Nakonde. Barabara kuu na reli ya TAZARA hupita hapo, na malori ya mizigo iendayo Zambia na Kongo husimama kungoja zamu. Mkoa wa Songwe uliundwa mwaka 2016 kwa kuugawa Mkoa wa Mbeya, na Kituo cha Pamoja cha Forodha kilizinduliwa mwezi Oktoba 2019. Mji una maghala na maduka ya fedha, na Wilaya ya Songwe ina machimbo ya dhahabu. Penye fedha taslimu huwekwa walinzi, na baadhi ya walinzi hao hushika bunduki. Kwa sababu hiyo suala hili linawahusu watu wengi zaidi kuliko wanaomiliki silaha wenyewe.

Sheria inasema nini

Sheria inayotumika ni Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, ambayo ni sheria ya Tanzania Bara. Zanzibar inayo sheria yake ya adhabu ya mwaka 2018. Mtu wa Visiwani anayefanya kazi au biashara Tunduma atahukumiwa kwa sheria ya Bara, kwa kuwa kinachoangaliwa ni mahali tendo lilipotendeka, wala si mahali mtu alipozaliwa.

Kwa mujibu wa sheria hiyo, kila mtu ana haki ya kujilinda yeye mwenyewe, kumlinda mwenzake, na kulinda mali yake au mali iliyo chini ya uangalizi wake. Haki hiyo yaweza kufika hadi kusababisha kifo endapo mambo matatu yatakuwapo:

(a) Shambulio liwe la hatari kubwa, kama vile la kuua, kujeruhi vibaya, kubaka, kuteka nyara, unyang'anyi, uvunjaji wa nyumba usiku au uchomaji moto.

(b) Aliyejilinda awe alitenda kwa nia njema, akiamini kwa dhati na kwa sababu za msingi kwamba kitendo chake kilihitajika ili kuokoa maisha, mwili au mali.

(c) Nguvu iliyotumika iwe ya kiasi kinachostahili kuizuia hatari hiyo, isizidi.

Anayezidisha nguvu na kusababisha kifo ana hatia ya kuua bila kukusudia, kosa ambalo adhabu yake yaweza kufika kifungo cha maisha. Ikiwa mahakama itaona kwamba hapakuwa na kujilinda kabisa, bali nia ya kuua, kosa huwa ni kuua kwa kukusudia, na adhabu yake ni kifo.

Risasi mbili katika usiku mmoja

Mfano ufuatao unaweza kuonesha tofauti hiyo. Mfanyabiashara mwenye bastola aliyoisajili amelala dukani. Usiku wa manane watu watatu wenye mapanga wanavunja mlango, na mmoja anamwinulia panga. Mfanyabiashara anafyatua risasi, na mtu huyo anaanguka. Wenzake wawili wanatupa mapanga na kukimbia. Mfanyabiashara anawafuata hadi barabarani, anafyatua tena, na mmoja anapigwa mgongoni na kufa.

Risasi ya kwanza ina kinga ya sheria, kwa sababu panga lilikuwa juu ya kichwa chake. Risasi ya pili ina shida kubwa. Aliyepigwa alikuwa akikimbia, hakuwa na silaha, na hatari ilikwisha ondoka. Hasira ya aliyeporwa inaeleweka, lakini kujilinda si kulipiza kisasi. Ndivyo ilivyo pia kwa umati unaomkamata mwizi aliyekwisha jeruhiwa na kumwua kwa mawe. Mtu aliye chini, asiyeweza kumdhuru yeyote, analindwa na Katiba inayotaja haki ya kila mtu ya kuishi.

Mahakama nazo zinatambua kwamba aliyeshambuliwa hana mizani mkononi. Katika rufaa ya Palmer kutoka Jamaika, iliyoamuliwa na Baraza la Faragha huko London, majaji walieleza kwamba mtu anayejilinda hawezi kupima kwa usahihi kamili kiasi cha nguvu anachohitaji, na kwamba alichokitenda kwa uaminifu katika dakika ile ya hofu ni ushahidi mzito kwa upande wake. Hata hivyo Palmer mwenyewe alishindwa rufaa yake. Majaji hao walisema pia kwamba utetezi wa kujilinda ama unakubaliwa wote ama unakataliwa wote. Sheria ya Tanzania imeweka daraja la kati: aliyekuwa na haki ya kujilinda lakini akapita kiasi haadhibiwi sawa na aliyekusudia kuua.

Saa za mwanzo

Mara hatari inapokwisha, aliyefyatua risasi anashauriwa kufanya yafuatayo:

(a) Kuiweka silaha mahali salama bila kuisafisha wala kuongeza risasi, na kuikabidhi kwa polisi watakapofika.

(b) Kupiga simu polisi, namba 112, na kumwarifu Mwenyekiti wa Mtaa. Anayetoa taarifa kwanza hujitenga mapema na wahalifu. Anayesubiri kukamatwa hujitia shaka bila sababu.

(c) Kuomba msaada wa matibabu kwa majeruhi, hata kama majeruhi ndiye aliyevamia. Majeruhi hupewa fomu ya polisi PF3.

(d) Kuacha kila kitu kilipo: maganda ya risasi, panga, mlango uliovunjwa na damu sakafuni. Asiyeelewa huokota panga na kuliweka karibu zaidi na marehemu ili maelezo yake yapate nguvu. Kitendo hicho kikigundulika huangusha hata yale yaliyokuwa kweli.

(e) Kukumbuka majirani waliosikia kelele, kwani huenda wao ndio watakaokuwa mashahidi wake.

Kukimbilia Nakonde ni kosa kubwa la busara. Kuvuka mpaka kwa njia za panya ni kosa la uhamiaji, na kuvuka na silaha ni kosa jingine. Tanzania na Zambia zote ni wanachama wa SADC na polisi wao hushirikiana, kwa hiyo mpaka haumfichi mtu kwa muda mrefu. Zaidi ya hayo, mahakama itauliza kwa nini mtu aliyejilinda kwa haki aliwakimbia wenye kazi ya kuithibitisha haki yake.

Mbele ya polisi

Polisi wakifika, kuna uwezekano mkubwa wa kumkamata aliyefyatua risasi. Hilo si hukumu. Pana maiti, na polisi hawana mamlaka ya kuamua papo hapo kwamba kifo hicho ni halali. Katiba inamhesabu kila mtuhumiwa kuwa hana hatia mpaka itakapothibitika vinginevyo.

Kwa mujibu wa Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, mtuhumiwa ana haki ya kuelezwa sababu ya kukamatwa, kuwasiliana na wakili, ndugu au rafiki, na kutolazimishwa kujibu maswali. Muda wa kawaida wa kumhoji ni saa 4 tangu kukamatwa, na waweza kuongezwa kwa saa zisizozidi 8. Maelezo ya onyo yaliyochukuliwa nje ya muda huo bila utaratibu yaweza kukataliwa na mahakama.

Maelezo hayo ndiyo msingi wa shauri zima. Mtuhumiwa anaweza kueleza kwa ufupi kwamba alishambuliwa na akajilinda, kisha akaomba wakili awepo kabla ya kuendelea. Asikubali kutia saini maneno ambayo hakuyasoma au hakusomewa, na asiongeze chumvi. Mwenye kusema washambuliaji walikuwa saba, hali alama za miguu ni za watatu, atakuwa amejishuhudia mwenyewe uongo.

Wakati huo huo daktari huchunguza maiti na wataalamu wa polisi huchunguza silaha. Tundu la risasi kifuani au mgongoni husema jambo ambalo mdomo hauwezi kulibadili. Umuhimu wa ushahidi huo ulionekana mwaka 2006, pale wafanyabiashara watatu wa madini kutoka Mahenge na dereva wa teksi walipouawa Dar es Salaam na polisi wakadai kwamba walikuwa majambazi waliorushiana risasi na askari. Tume ya uchunguzi iliyoundwa na Rais ilibaini kwamba marehemu hawakuwa majambazi. Dai la kujihami hupimwa kwa ushahidi, hata litolewe na mwenye sare.

Mahakamani na suala la dhamana

Makosa yote mawili ya kuua husikilizwa na Mahakama Kuu. Mahakama ya chini humpokea mshtakiwa kwanza, wala hatakiwi kujibu shtaka hapo, na shauri hukabidhiwa Mahakama Kuu upelelezi ukikamilika.

Jina la shtaka lina uzito mkubwa kwa familia. Kosa la kuua kwa kukusudia halina dhamana, na mshtakiwa hubaki mahabusu muda wote. Kosa la kuua bila kukusudia lina dhamana. Mwezi Novemba 2006 Mkuu wa Mkoa wa Tabora wa wakati huo alishtakiwa kwa kumwua kwa kukusudia dereva wa daladala aliyepigwa risasi Dar es Salaam, akawekwa mahabusu. Mwaka 2007 shtaka lilibadilishwa kuwa la kuua bila kukusudia, naye akapata dhamana. Alifariki dunia mwaka 2008 kabla ya shauri kumalizika.

Mkurugenzi wa Mashtaka ndiye anayeamua shtaka liwe lipi, na anaweza kuliondoa akiona ushahidi hautoshi. Ndugu wa mshtakiwa au wakili wake wanaweza kumwandikia wakieleza mazingira ya tukio na majina ya mashahidi. Shauri likisikilizwa, mshtakiwa halazimiki kuthibitisha kwamba alijilinda. Upande wa mashtaka ndio unaopaswa kuthibitisha, pasipo kuacha shaka ya msingi, kwamba hakujilinda kihalali. Asiye na uwezo hupewa wakili kwa gharama ya Serikali katika shauri la kuua, na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria wanaoweza kuielekeza familia.

Mambo mengine ya kuzingatia

Silaha isiyo na leseni haimnyimi mtu haki ya kujilinda, lakini humletea shtaka la pekee chini ya sheria ya udhibiti wa silaha ya mwaka 2015, na huweza kuunganishwa na Sheria ya Uhujumi Uchumi. Mtumishi wa umma aliyeshtakiwa aweza kusimamishwa kazi shauri likiendelea, hivyo amwarifu mwajiri wake mapema. Kuachiwa huru katika jinai hakuzuii familia ya marehemu kufungua madai ya fidia.

Wananchi wote wanakumbushwa kwamba silaha ni njia ya mwisho, baada ya mlango imara, taa, kelele na majirani. Aliyelazimika kuitumia ahifadhi kila alama ya usiku ule na aseme kweli, maana utetezi wake utajengwa juu ya mambo hayo mawili.