Agosti Makerere: kati ya karo na mtaji wa mama

MWEZI wa Agosti ukifika, mabasi ya kutoka Busia, Malaba, Mutukula na Mpondwe huingia Kampala na abiria wa aina yake: kijana mwenye sanduku jipya, na mzazi asiyesinzia njia nzima kwa sababu fedha amezifunga kifuani. Mara nyingi fedha hizo si akiba. Ni mtaji wa duka au kibanda, uliotolewa sokoni kwa wiki moja ukiombewa urudi.

Wazazi wa namna hiyo niliwapokea nilipokuwa afisa wa Gildi, chama cha wanafunzi cha Chuo Kikuu cha Makerere. Kazi yangu ilikuwa kuwashughulikia wageni waliovuka mpaka, pamoja na vijana ambao jamaa zao walirejea nyumbani baada ya miaka ya ukimbizini.

Watu wengi wakisikia Gildi hufikiria siasa tu, wala siwalaumu. Mwai Kibaki alipitia uongozi wa wanafunzi Makerere miaka ya 1950 kabla hajawa Rais wa Kenya. Oktoba 2019 wanafunzi, wasichana wakiwa mbele, waliandamana kupinga nyongeza ya karo ya asilimia 15, na wanajeshi wakaonekana mabwenini. Julai 2022 mwanafunzi wa chuo kingine aliuawa katika vurugu za kampeni na Gildi ikasimamishwa kwa muda. Hayo ndiyo yanayoandikwa magazetini. Wiki ya kwanza ya muhula haiandikwi, na ndiyo iliyonichosha kuliko kampeni yoyote.

Afisa wa Gildi hana muhuri wa msajili wala ufunguo wa bweni. Anachojua ni mlango upi ubishwe, saa ngapi, na nani asiaminiwe. Hao wa mwisho husimama nje ya lango, upande wa Wandegeya, karibu na wakaanga chapati za rolex. Wamevaa shati safi na kitambulisho kinachoning'inia shingoni. Wanajua Kiswahili kizuri, maana wanajua mteja wao katoka wapi. Mmoja atakuuzia kitanda cha Livingstone au Mary Stuart, mwingine atakuahidi kozi ambayo jina lako halikutoka. Ukweli ni kwamba wanafunzi wengi wanaojilipia hulala katika hosteli za binafsi za Kikoni, Wandegeya na Nakulabye, na kitanda cha bweni hakiuzwi barabarani.

Asubuhi moja ya Agosti 2018 nilimkuta mama mmoja wa Busia akihesabu noti mbele ya kijana wa namna hiyo. Binti yake alisimama kando, macho chini. Nilimsalimu mama, nikamwomba barua ya binti ya kukubaliwa chuoni, kisha nikamwuliza yule kijana anatoka ofisi gani. Alijibu kwamba anakwenda kumwita mkubwa wake. Hadi leo hajarudi.

Tuliketi chini ya mti. Mama alikuwa na fedha za kulipa karo yote ya muhula, hosteli na chakula, lakini zikitoka zote asingebakiwa na hata nauli ya kurudia. Alinitazama akasema, "Mwanangu, nikilipa yote leo, Jumatatu nitauza nini?"

Swali hilo halimo katika kijitabu chochote cha kuwakaribisha wanafunzi wapya. Nilimweleza kwamba chuo hupokea karo kwa mafungu, mradi tarehe zizingatiwe, na kwamba anayechelewa kupita kiasi hujikuta hana jina katika orodha ya mtihani. Mama akachukua kijiti, akapiga hesabu zake mchangani: siku za soko, bei ya sukari, faida ya kila gunia. Sijawahi kuona mhasibu mwepesi kama yeye. Kufikia saa sita tulikuwa tumelipa ada za lazima na sehemu ya karo, tumempata binti chumba cha watu wawili Kikoni, na mama amekwenda Kikuubo kununua bidhaa kwa fedha zilizobaki.

Nawe msomaji unayemleta mwanao, yapo mambo ambayo nilikuwa nikiyarudia hadi sauti inakauka. Karo ya chuo cha umma haikabidhiwi mtu mkononi. Mwanafunzi hutoa namba ya malipo katika akaunti yake ya mtandaoni, mkalipa benki au kwa simu, na fedha hupitia Mamlaka ya Mapato ya Uganda. Kibali cha mwanafunzi kwa raia wa Jumuiya ya Afrika Mashariki hakiuzwi. Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kutumika Julai 2010, inataka kitolewe bure. Sudan Kusini ilijiunga na Jumuiya mwaka 2016, Kongo mwaka 2022 na Somalia mwaka 2024, kwa hiyo Mkongo wa Kasindi asikubali kuambiwa kwamba yeye ni wa mbali.

Cheti ndicho kinachowasumbua zaidi waliorejea. Kijana ni Mganda baba na mama, lakini alisomea ukimbizini, na cheti chake ni cha Kenya. Mpakani atapita kama mwenyeji. Penye usajili, cheti chake ni mgeni. Lazima kipelekwe Baraza la Mitihani la Uganda, Ntinda, kilinganishwe na cha hapa. Kilichoandikwa Kifaransa kitafsiriwe Kiingereza kwanza. Nimewaona vijana wenye alama nzuri wakilia kwenye ngazi kwa sababu walianza safari hiyo siku ya kujisajili, foleni ikiwa imefika barabarani. Ianze matokeo yakitoka tu, wala usingoje Agosti.

Yule mama wa Busia alimaliza deni la muhula mwishoni mwa Oktoba, kwa mafungu matatu, kila moja likifika jioni ya siku ya soko. La mwisho lilikuja na ujumbe wa simu, akiniuliza kama sukari imeshuka bei Kikuubo.