Usioshe mayai kabla ya kuyahifadhi

Yai ni miongoni mwa vyakula bora ambavyo familia ya Kangeta inaweza kupata bila kutoka nje ya boma. Yai moja la wastani lina takriban gramu 6 za protini. Lakini likishikwa au kuhifadhiwa vibaya, yai hilo hilo linaweza kumletea mtoto, mama mjamzito au mzee ugonjwa mkali wa kuhara. Wengi wetu hatuna friji, kwa hivyo usalama wa mayai hutegemea tunavyoyatunza tangu yanapotoka kwenye kiota.

Kazi ya ganda

Ganda la yai lina maelfu ya vitundu vidogo visivyoonekana kwa macho. Yai linapotagwa, hufunikwa na utando mwembamba unaokauka na kuziba vitundu hivyo. Utando huo ndio unaozuia viini vya magonjwa kuingia.

Ukiosha yai, unauondoa utando huo. Maji yakiwa baridi kuliko yai, mambo huwa mabaya zaidi: kilichomo ndani hunywea na kuvuta maji pamoja na uchafu kupitia vitundu.

Huenda umesikia kwamba Marekani mayai huoshwa kabla ya kuuzwa. Ni kweli, lakini huoshwa kiwandani kwa maji ya moto kiasi, kisha hukaa kwenye baridi hadi yamfikie mnunuzi. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, mayai ya daraja la kwanza hayaoshwi. Njia zote mbili ni salama. Hatari ni kuyaosha kisha kuyaacha mezani bila baridi.

Hatua za kufuata nyumbani

1. Okota mayai angalau mara mbili kwa siku, asubuhi na alasiri. Weka nyasi kavu au maranda safi kwenye viota na uyabadilishe yanapochafuka.

2. Yai lenye uchafu kidogo lipanguse kwa kitambaa kikavu. Lililochafuka sana lioshe kwa maji ya uvuguvugu wakati wa kulipika, siku hiyo hiyo.

3. Yai lililopasuka kwenye kiota litupe. Likipasuka ukitoka nalo sokoni, lipike likaive vizuri siku hiyo.

4. Panga mayai kwenye trei, ncha nyembamba ikiwa chini. Nafasi ya hewa iko upande mpana, na kiini hubaki katikati.

5. Weka trei mahali pakavu, penye ubaridi na kivuli, mbali na jiko na dirisha lenye jua. Hapa kwenye miteremko ya Nyambene hali ya hewa hutusaidia. Wanaoishi sehemu za chini kuelekea Mbuga ya Kitaifa ya Meru wawe waangalifu zaidi kwa sababu ya joto.

6. Usihifadhi mayai katika stoo moja na mafuta taa, mbolea au dawa za kunyunyizia miraa. Harufu hupenya ganda, na kemikali hazifai kuwa karibu na chakula chochote.

7. Andika tarehe kwa penseli na utumie ya zamani kwanza. Bila friji, jaribu kuyamaliza ndani ya wiki mbili. Kwenye friji hukaa wiki tatu hadi tano. Yakishaingia humo yasitolewe na kurudishwa, kwani ganda hutokwa na jasho na unyevu huo husaidia viini kupenya.

Je, yai likizama ni salama?

Wengi hutia yai kwenye maji: likizama ni jipya, likielea limezeeka. Jaribio hilo huonyesha umri tu, kwa sababu nafasi ya hewa hukua kadiri siku zinavyopita. Halionyeshi kama yai lina bakteria. Lifanye wakati unapotaka kupika tu, na kila yai ulivunje kwenye kikombe kwanza. Likinuka, litupe.

Bakteria anayeitwa salmonela anaweza kuingia ndani ya yai hata kabla ganda halijaumbika, ikiwa kuku ameambukizwa. Yai kama hilo huwa safi kwa macho na halinuki. Kinga ni moto: pika hadi ute na kiini vyote vigande. Kunywa yai bichi, hata likichanganywa na maziwa, ni kujihatarisha. Yai lililochemshwa lisikae nje ya friji zaidi ya saa mbili. Nawa mikono kwa sabuni kila unaposhika mayai mabichi au kuku.

Dalili za kuangalia

Homa, maumivu ya tumbo, kutapika na kuhara huanza kati ya saa 6 na 72 baada ya kula. Mpe mgonjwa maji ya ORS. Mtoto mchanga, mjamzito au mzee, na yeyote anayehara damu au aliyeishiwa nguvu, apelekwe kituo cha afya mara moja.

Kwa wafugaji: kuku wakipewa dawa, muulize daktari wa mifugo ni siku ngapi mayai yao hayafai kuliwa wala kuuzwa. Siku hizo hutofautiana kulingana na dawa. Kwa ushauri zaidi, fika katika ofisi ya kilimo na mifugo ya wadi yako.