Nani Ashike Daftari la Intaneti?

Ingawa intaneti haina mmiliki mmoja, lipo daftari kuu la majina ya vikoa, yaani anwani za tovuti, ambamo vikoa vya nchi kama .tz na .ke huorodheshwa ili kompyuta ziweze kutafutana, na kwa hiyo anayelisimamia ana mamlaka makubwa. Daftari hilo huratibiwa na ICANN, shirika lisilo la faida lililoundwa California mwaka 1998, ambalo hadi mwaka 2016 lilifanya kazi hiyo kwa mkataba na Wizara ya Biashara ya Marekani, hali iliyolalamikiwa na mataifa mengi katika mkutano wa kimataifa uliofanyika Tunis mwaka 2005. Sasa uangalizi umo mikononi mwa wadau mbalimbali, wakiwemo wahandisi, makampuni na asasi za kiraia, huku serikali zikishiriki hasa kwa kutoa ushauri. Hatua hiyo ni ya haki zaidi, lakini shirika lingali chini ya sheria za California.