Uchaguzi wa Kizazi cha Kichakataji kwa Kompyuta ya Kuigia Urukaji

1. Utangulizi

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi ya kuchagua kichakataji, yaani kile kiungo kinachofanya hesabu za kompyuta, kwa mashine itakayotumiwa kuigia urukaji wa ndege. Wanunuzi wengi hudhani kwamba kizazi kipya hustahili gharama yake daima, na kwamba wingi wa gigahezi ni kipimo cha kutosha. Dhana zote mbili zina kasoro, nayo kasoro hiyo hulipiwa kwa fedha nyingi.

2. Kazi inayotakiwa

Programu kama Microsoft Flight Simulator, ya mwaka 2020 na ya mwaka 2024, au X-Plane 12, hukokotoa nguvu zinazoitegemeza ndege angani, hali ya hewa, vyombo vya rubani na ndege nyingine zilizo karibu. Ili skrini ionyeshe picha 30 kwa sekunde, hesabu za kila picha hazina budi kumalizika katika milisekunde 33 hivi. Zikichelewa, picha hukwama. Na aghalabu hukwama ndege inapotua katika kiwanja kikubwa, wakati ambapo rubani anahitaji mwendo laini kuliko wakati wowote.

Sehemu kubwa ya hesabu hizo hufuatana katika mkondo mmoja mkuu usiogawanyika kwa urahisi. Kwa hiyo kichakataji chenye viini 16 hakifanyi kazi hii mara mbili ya chenye viini 8. Tena, mkondo huo huhitaji data nyingi zilizotawanyika. Data isipokuwamo katika kashe, yaani ghala dogo lililomo ndani ya kichakataji chenyewe, kiini hulazimika kungoja iletwe kutoka kumbukumbu kuu, ambayo huchelewa mara kadhaa zaidi. Kiini kinachongoja hakifaidiki na gigahezi zake.

3. Vizazi vinavyolinganishwa

Mfano ulio wazi watoka kwa kampuni ya AMD. Ryzen 7 5800X ya mwaka 2020 ina viini 8 na kashe ya ngazi ya tatu ya megabaiti 32, na kasi yake hufikia gigahezi 4.7. Ryzen 7 5800X3D ya mwaka 2022 ina viini 8 vya usanifu ule ule, na kasi yake haipiti gigahezi 4.5, lakini kashe yake ni megabaiti 96, kwa kuwa tabaka la ziada limebandikwa juu ya lile la kwanza. Katika kuiga urukaji, hii yenye kasi ndogo ndiyo inayotangulia.

Baadaye zilifuata 7800X3D ya mwaka 2023 na 9800X3D ya mwaka 2024. Zote mbili zina viini 8 na kashe ya megabaiti 96, na kasi zake hufikia gigahezi 5.0 na 5.2. Hizi huishinda 5800X3D, lakini hukaa katika soketi ya AM5 na kudai kumbukumbu ya DDR5, hali 5800X3D hukaa katika soketi ya AM4 pamoja na DDR4.

4. Uamuzi

Kabla ya kununua lolote, yafaa kupima. Mtumiaji apunguze idadi ya nukta za skrini, kisha arudie safari ile ile. Picha zikiongezeka sana, kizuizi ni kadi ya michoro, na kichakataji kipya hakitamsaidia. Zisipoongezeka, kizuizi ni kichakataji.

Ikiwa ni hivyo, mwenye ubao mama wa AM4 anaweza kubadili kichakataji peke yake na kuchukua 5800X3D, hata iliyokwisha tumiwa, baada ya kuhakikisha kwamba programu ya msingi ya ubao wake inaitambua. Akihamia AM5 atanunua vitu vitatu: kichakataji, ubao na kumbukumbu. Gharama hiyo ina maana zaidi kwa anayeunda mashine upya, maana huyo hana cha kuokoa.

5. Hitimisho

Kwa kifupi, jina la kizazi halitoshi kuamua. Mnunuzi aulize kwanza kinachokwamisha mashine yake, kisha ukubwa wa kashe, kisha vitu vingine ambavyo kizazi kipya kitamlazimisha kununua. Gigahezi zije baada ya hayo.