Mbwa na Joto la Bondeni

Wilaya za Mbulu na Hanang, mkoani Manyara, zina nyanda za juu zenye baridi na mabonde yenye joto. Nyanda za Mbulu hupita mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, ilhali Ziwa Eyasi, chini ya ukuta wa Bonde la Ufa, liko kwenye kiasi cha mita 1,030. Kwa wastani, joto la hewa huongezeka kwa nyuzi 6 hivi za Sentigredi kwa kila mita 1,000 za kuteremka. Hivyo mbwa amfuataye mchungaji kutoka nyanda za juu hadi bonde la Yaeda hukutana na hali ngeni kwa muda wa saa chache tu.

Mwanadamu hujipoza kwa jasho. Mbwa ana tezi chache za jasho, hasa katika nyayo. Kwa hiyo hutegemea kutweta. Hewa ipitayo upesi juu ya ulimi na ndani ya pua hugeuza unyevu kuwa mvuke, na mvuke huo huchukua joto la mwili. Kanuni hii yaweza kuthibitishwa darasani. Chukua vipimajoto viwili, zungushia tumba la kimoja kitambaa chenye maji, kisha vipepee vyote. Chenye kitambaa kitaonyesha joto dogo zaidi.

Kutokana na kanuni hiyo, mambo mawili ni ya hatari: ukosefu wa maji, na chumba cha bati kilichofungwa, ambamo hewa hujaa mvuke na kutweta kusifae tena. Joto la kawaida la mbwa ni nyuzi 38 hadi 39. Likipita 41, ubongo na figo zaweza kudhurika.

Dalili zake ni kutweta kwa nguvu, mate mazito, ufizi mwekundu, kupepesuka na kuanguka. Mnyama apelekwe kivulini mara moja, amwagiwe maji ya baridi mwili mzima na kupepewa. Akiwa na fahamu, apewe maji kidogo kidogo. Asifunikwe kwa nguo iliyolowa, kwani huzuia mvuke kutoka. Kisha aitwe bwana mifugo, hata kama mbwa ameinuka, kwa kuwa madhara ya ndani hayaonekani.

Kinga ni rahisi kuliko tiba: safari zifanywe asubuhi na jioni, na maji yawe karibu. Mlinzi wa zizi dhidi ya fisi usiku astahili kivuli mchana.