Mzee akisema ‘sijalala’, pima kwanza kabla ya kununua vidonge

Mzazi mwenye umri mkubwa akilalamika kuwa usiku hakupata usingizi, familia nyingi hufanya moja kati ya mambo mawili: humwambia ni uzee tu, au hukimbilia duka la dawa. Yote mawili yanaruka hatua muhimu, nayo ni kujua tatizo lina ukubwa gani na linatoka wapi.

Watafiti wanaofuatilia afya ya wazee katika makazi ya wastaafu nchini Marekani huanza kwa maswali. Dodoso linalotumika sana lilichapishwa mwaka 1989 na Daniel Buysse na wenzake wa Chuo Kikuu cha Pittsburgh. Lina maswali 19 kuhusu mwezi uliopita: mzee hupanda kitandani saa ngapi, huchukua dakika ngapi kupata usingizi, huamshwa na nini, hutumia dawa za usingizi mara ngapi na mchana husinzia kiasi gani.

Jumla ya alama ni kati ya 0 na 21. Anayezidi 5 huhesabiwa kuwa halali vizuri. Alama hizo hazitaji ugonjwa. Zinaonyesha tu kuwa pana jambo la kuchunguza.

Dodoso hilo lina pia maswali matano kwa mtu anayelala chumba kimoja na mzee, kwa sababu aliyelala hajisikii akikoroma wala pumzi zikikatika. Hapo ndipo penye ugumu katika makazi ya wastaafu. Wengi wamefiwa na wenzi wao na hulala peke yao. Tena, ambaye kumbukumbu zake zimepungua hawezi kueleza mwezi mzima.

Ndiyo maana wapo wanaoongeza daftari la kujazwa kila asubuhi, au kifaa mfano wa saa kinachovaliwa mkononi kurekodi mwendo wa mwili. Mara nyingi kifaa na maneno ya mzee havilingani. Hiyo haimaanishi mzee anadanganya. Aliyejilaza macho wazi bila kujigeuza, kifaa kinaweza kumhesabu kuwa amelala.

Hesabu ya nyumbani

Daftari hilo halihitaji mtaalamu. Kwa wiki mbili, andika saa mzee alipopanda kitandani, saa anayodhani alilala, mara alizoamka, saa alipoamka kabisa na muda aliosinzia mchana. Andika pia dawa anazotumia na saa anazomeza.

Hesabu hiyo peke yake huweza kufichua mengi. Bibi anayelala saa 2 usiku na kuamka saa 9 alfajiri anaweza kuamini ni mgonjwa, kumbe amelala saa saba. Kiwango kinachopendekezwa kwa wenye miaka 65 na zaidi ni saa saba hadi nane. Huyo hahitaji kidonge. Huenda anahitaji kuchelewa kidogo kulala.

Mwingine daftari litaonyesha anaamka mara nne kwenda haja ndogo. Chanzo chaweza kuwa tezi dume, kisukari, au dawa ya presha inayoongeza mkojo na anayoimeza jioni. Dawa ya usingizi haitibu lolote kati ya hayo.

Hatari ya vidonge

Wataalamu wa afya ya wazee nchini Marekani wanashauri dawa za kundi la diazepam ziepukwe kwa wazee, kwa kuwa huongeza hatari ya kuanguka, kuvunjika mifupa na kuchanganyikiwa. Mwaka 2016, chama cha madaktari wa magonjwa ya ndani nchini humo kilielekeza kuwa tiba ya kwanza ya kukosa usingizi kwa muda mrefu iwe ya kubadili mazoea na fikra kuhusu kulala, kabla ya dawa.

Kama mzazi tayari anatumia vidonge hivyo, usivikatishe ghafla. Kuviacha kunahitaji kupunguza dozi polepole chini ya uangalizi wa daktari.

Usisubiri wiki mbili ziishe kama mzee anakoroma na pumzi kukatika, anapitiwa na usingizi akiwa anazungumza, amekata tamaa, au ameanza kuchanganyikiwa ghafla. Mpeleke kituo cha afya mapema. Kwa wengine, siku ya kliniki beba daftari pamoja na dawa zake zote. “Halali vizuri” ni malalamiko. Kurasa 14 zilizojazwa ni taarifa ambazo daktari anaweza kuzifanyia kazi.