Rasilimali za Shinyanga na Suala la Usimamizi

Tunapochambua uwezo wa mkoa kujiletea maendeleo ya kudumu, mara nyingi tunaishia kuorodhesha mali: ardhi, mifugo, madini. Orodha hiyo haielezi kwa nini mkoa wenye mali unaweza kuwa na wananchi maskini. Mali huwa nyenzo ya maendeleo pale tu inapoungana na maarifa ya watu na utaratibu wao wa kuisimamia. Shinyanga inatupa ushahidi.

Mkoa huu una pamba, ng'ombe, na almasi iliyogunduliwa Mwadui mwaka 1940. Hata hivyo, msingi wa maisha ya walio wengi ni udongo na malisho, na msingi huo ulikaribia kuangamia. Wakati wa ukoloni vichaka vilifyekwa ili kuangamiza mbung'o. Baadaye mashamba ya pamba yalipanuka na mifugo ikaongezeka. Katika miaka ya 1970, kuhamia vijijini kuliwaweka watu wengi mbali na maeneo waliyozoea kuyatunza. Matokeo yakawa mmomonyoko wa udongo, uhaba wa malisho, na wanawake kufuata kuni mbali.

Mwaka 1986 ulianzishwa mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, yaani HASHI. Mafanikio yake hayakutokana na kupanda miti pekee. Yalitokana hasa na kufufua ngitili, desturi ya Wasukuma ya kufunga eneo la malisho mvua zinapoanza na kulifungua wakati wa kiangazi. Visiki na mizizi iliyosalia ardhini ilichipua yenyewe. Mwaka 1986 ngitili zilizokuwapo zilikuwa kiasi cha hekta 600 tu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilikadiriwa kuzidi hekta 300,000, katika vijiji zaidi ya 800. Humo wananchi walipata majani, kuni, nguzo, dawa, asali na matunda.

Mambo matatu yanajitokeza hapa. Kwanza, mali asili ilikuwapo ila ilikosa ulinzi. Pili, ulinzi huo ulitokana na utamaduni: dagashida, yaani mkutano wa jadi wa wanakijiji, uliweka masharti na kumtoza faini aliyeyavunja. Tatu, faida ya kiuchumi ndiyo iliyodumisha utaratibu, kwa kuwa aliyetunza alijua atavuna.

Lakini faida hiyohiyo imezaa mgongano. Zipo ngitili za kaya na zipo za kijiji. Mwenye ardhi kubwa na ng'ombe wengi hufunga eneo lake, hulisha mifugo yake, na majani yanayobaki huweza kuyauza. Asiye na ng'ombe wala ardhi ya kutosha hutegemea ngitili ya kijiji kwa kuni na dawa. Kadiri malisho yanavyopata bei ndivyo wenye uwezo wanavyovutiwa kujimegea ardhi ya wote. Hali hiyo ikiachwa, miti itaongezeka huku usawa ukipungua, na mnyonge asiyepata chochote hatakuwa na sababu ya kuheshimu masharti.

Kwa hiyo kada anayefika kijijini asiridhike na kuhesabu hekta. Aulize: ngitili ya kijiji ina mipaka inayojulikana? Mapato yake yanasomwa mbele ya mkutano wa kijiji? Wanawake, ambao ndio wachukuzi wa kuni, wana sauti katika kupanga masharti? Majibu ya maswali hayo ndiyo yatakayoonyesha kama rasilimali za Shinyanga ni za umma kwa vitendo au kwa jina tu.